Siku Numbi Hakulia

Ngoie mwanangu, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu jina ulilobeba ni la mama yangu, na wewe mwenyewe umelitumia vya kutosha kunikemea kila nilipochelewa kurudi kutoka baa. Saa hii uko Dilala na mama yako, mnamuaga mama yako mdogo. Nimebaki nyumbani na dada yako. Numbi yuko barazani anamsuka jirani, mimi niko mezani, na mbele yangu liko daftari lako la saikolojia la sekondari. Ndiyo, nimelitoa kwenye sanduku lako. Kasirika kidogo, halafu endelea kusoma.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako ameshayasema na kuyarudia mpaka hata mimi nimeyajua kwa moyo: wezi wa stesheni ya Kamina, maji ya kuchemsha, boti ya Kindu, nguo za ndani, usile samaki usiyemjua. Akisahau jambo atalikumbuka treni ikianza kutembea, naye atalipiga kelele kwa dirisha mbele ya watu wote.

Nakuandikia kwa sababu juzi ulimwambia mama yako kwamba sanduku limefungwa lakini moyo bado, na kwamba utaamua ukifika stesheni. Mama yako hana siri kwangu, na hata angekuwa nayo uso wake ungeitoa. Kwa hiyo najua kwamba kesho asubuhi unaweza kupanda treni kwenda Kisangani kusoma mambo ya akili ya binadamu, na pia unaweza kurudi nyumbani na sanduku lako kichwani. Najua ungerudi kwa ajili ya nani. Soma kwanza, kisha uamue.

Katika daftari umechora ubongo kwa kalamu nyekundu na ya bluu, ukaugawa vipande vipande. Mara ya kwanza nilidhani ni ramani ya shimo la Mashamba, kule mgodini kwetu. Huku ni sehemu ya kuona, huku ya kusikia, huku ya lugha. Nimesoma na kamusi pembeni, na pale Kifaransa kiliponishinda nimekisia, kama tulivyofanya kazini miaka yote wazungu walipotupa maelezo. Hakuna aliyekufa kwa sababu ya kukisia kwangu, kwa hiyo usicheke.

Ukurasa mmoja unasema kwamba mtoto mchanga akisikia kishindo hushtuka, hutupa mikono, hulia. Kishindo kikirudi kila siku bila kumdhuru, ubongo wake hukizoea, hauhangaiki nacho tena. Hapo umepiga mstari. Halafu pembeni umeandika kwa penseli: "Na kama hakushtuka hata siku ya kwanza?" Hukuandika jibu. Jibu ninalo mimi, na nimeishi nalo miaka zaidi ya ishirini.

Desturi yenyewe ilikufa wewe ukiwa bado mdogo, kwa hiyo nitakueleza. Kambini kwetu wachimbaji, mine, yaani baruti ya shimoni, ilipigwa saa kumi alasiri. King'ora kililia mara tatu, watu wa shimoni wakajificha, kisha ardhi ikatikisika mpaka sahani zikagongana kabatini. Mwanamke aliyejifungua alikaa ndani wiki zake, mtoto amefunikwa blanketi. Siku ya kumtoa mtoto nje, majirani walimwita mama mlangoni saa kumi kasoro. Mtoto akasikia mine yake ya kwanza mbele ya watu. Akalia, na wanawake wakapiga vigelegele. Wakarudia kila siku mpaka siku ambayo mtoto hakulia tena. Siku hiyo baba alinunua bia, na mtoto akawa wa kambi. Wengine walichukua wiki mbili, wengine mwezi mzima.

Numbi hakulia siku ya kwanza.

Mimi ndiye niliyetega baruti siku hiyo. Unajua nilivyoipenda ile kazi, na kama hujui basi hukuwahi kunisikiliza mezani. Niliporudi nikiwa bado na vumbi jekundu masikioni, niliwakuta watu wamejaa mlangoni kwangu. Mama mmoja jirani alinipokea kwa makelele: "Tata Numbi! Mutoto wako haogope! Mine imepiga, yeye eko analala tu!" Mwingine akasema, "Anajua mukono ya tata yake, njo maana." Neno lile liliniingia kama pombe. Anajua mkono wa baba yake! Nilinunua bia siku hiyo hiyo, kreti mbili, na kwa wiki nzima nilitembea kambini kifua mbele. Wenzangu walikuwa na watoto wa kulialia. Mimi nilikuwa na Numbi.

Mwanangu, mtu husema alidanganywa, na mimi hakuna aliyenidanganya. Nilipenda jambo nililoliona, kwa hiyo sikuliangalia mara ya pili.

Daftari lako linasema mtoto huanza kubwabwaja akiwa na miezi michache. Na Numbi alianza. Alisema ba-ba-ba, nikamwambia mama yako kwamba ananiita mimi kwanza, akanuna siku mbili. Kisha sauti ile ikapungua, ikapungua, ikaisha. Sasa nasoma kwako kwamba mtoto huendelea kuongea kwa sababu anajisikia na anasikia watu wakimjibu. Mimi wakati ule nilisema amerithi ukoo wetu, watu wasiopenda maneno mengi. Nilikuwa na maelezo kwa kila kitu. Alikaa kwa wakati wake, alitambaa, alisimama, alitembea kabla ya mtoto wa jirani. Nilimwita, hakugeuka, nikasema ni mkaidi. Nilimpigia mluzi, hakuja. Nikasema anajivuna, na nikacheka, kwa sababu hata majivuno yake nilidhani ni yangu.

Halafu ukazaliwa wewe. Siku yako ya mlangoni nilikuwa mapumzikoni, nikajionea mwenyewe. King'ora cha tatu kilipolia, mine ikapiga, nawe ukapasua kambi kwa kilio. Ulilia mpaka ukawa wa bluu. Ulilia kesho yake, na kesho kutwa, na wiki ya tatu bado unalia. Nilikuonea haya, Ngoie. Wenzangu walinitania kwamba wa pili nimempata kwenye soko la vitu vilivyotumika. Nakuandikia hili kwa mkono wangu ili ujue: nilimwonea fahari mtoto asiyesikia, nikamwonea haya mtoto anayesikia, na yote mawili niliyafanya kwa moyo mweupe wa baba.

Kilio chako ndicho kilichomfungua mama yako macho. Alikuwa amekubeba mlangoni, unalia, na Numbi, ambaye alikuwa amefika miaka minne, amekaa sakafuni na miguu peku. Mama yako aliona kwamba Numbi hakuinua kichwa king'ora kilipolia. Wala mara ya pili. Wala ya tatu. Mine ilipopiga ndipo alipoweka viganja chini na kutabasamu. Mama yako alikuweka kitandani, akachukua mifuniko miwili ya sufuria, akaigonganisha nyuma ya kisogo cha Numbi. Hakuna kitu. Aliigonga tena mpaka jirani akauliza kuna nini.

Niliporudi alinisubiri amesimama. "Tata Numbi, huyu mutoto hasikie."

"Hasikie namna gani? Kila siku mine inapiga, anacheka!"

"Anacheka juu ya miguu. Ni udongo njo inatikisa miguu yake. Masikio yake haina kitu."

Nilimwambia maneno mabaya mama yako siku ile. Nilimwambia anamtafutia mwanangu ugonjwa. Nikakaa wiki tatu nikikataa kwenda hospitali, eti ili watu wasiseme. Mficha uchi hazai, wazee walisema, na mimi nilikuwa nimeshazaa, ila nilitaka kuuficha hivyo hivyo. Daktari alimpima mchana mmoja tu. Aliniuliza tulidhani nini miaka minne yote. Nikamwambia tulidhani ni jasiri. Hakucheka. Nilimuuliza kama ni baruti zangu. Akasema hapana, shimo liko mbali na nyumba, labda alizaliwa hivyo. Nilimwomba aseme tena, akasema tena. Kuna siku mpaka leo ningependa kumkuta njiani nimwombe mara ya tatu.

Umeandika kwamba ubongo wa mtoto katika miaka ya kwanza hujijenga kwa kile unachopewa. Ukipewa maneno, hufungua njia za maneno. Usipopewa, njia zile hubaki msitu. Nilisoma mstari huo nikasimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Miaka minne tulimwimbia Numbi, tukamsimulia, tukamgombeza, na hakuna kilichofika. Hatukumpa hata ishara moja ya mkono kwa sababu tuliamini ameshapata maneno.

Lakini daftari lako halikuandika kilichotokea baadaye, labda kwa sababu aliyeliandika alikuwa ndani yake. Ulipoanza kukaa, Numbi alikaa mbele yako. Alikuonyesha ndizi, akafanya kitu kwa vidole. Ukamrudishia. Ulisema kwa mikono kabla ya kusema kwa mdomo, na mama yako akaanza kulia tena akidhani na wewe husikii, mpaka nikakugongea mfuniko ukapiga yowe. Sikuwahi kufurahia yowe kama lile. Mkajenga lugha yenu, ninyi wawili, kwenye baraza hii hii. Nani aliwafundisha? Hakuna. Ulikuwa na meno manne, nawe ulikuwa umeanza kumpa dada yako kile sisi watu wazima tulichoshindwa.

Na hapo likaanza kosa langu la pili. La kwanza lilikuwa la ujinga. Hili nililifanya macho wazi.

Ulipofika miaka mitano ulikuwa mdomo wa Numbi. Sokoni, kanisani, kwa daktari wa meno: "Numbi anasema linauma huku." Nikitaka kitu kwake nilikuita wewe. Akitaka kitu kwangu alikuvuta nguo. Ilikuwa rahisi. Nilirudi kutoka shimoni nimechoka, nikasema, "Ngoie, muambie dada yako," nikafungua redio. Unaandika kwamba mazoea ni ubongo kuacha kushughulika na kitu kwa sababu kinarudi kila siku. Basi mimi nilimzoea binti yangu mkubwa. Miaka kumi na minne nilikaa naye nyumba moja bila kumwambia neno moja mimi mwenyewe, na kila jioni nilidhani tumeongea. Na wewe nilikubebesha mzigo ambao ni wangu, ukiwa na mabega ya mtoto, na sikuwahi kukuuliza kama unataka kwenda kucheza.

Kwa hiyo ilipokuja barua ya kukupokea Kisangani, nikaisoma mbele ya jirani kwa sauti kubwa, ulinikatiza. Ulisema, "Siende, Tata. Nani atasema na Numbi?"

Nikakujibu kwa ukali kwamba hata sisi wazazi ni watu: "Kwani shiye hatuko bantu?"

Ulinitazama bila hasira. Ungekasirika ingekuwa nafuu. "Tata, weye unajua kumuambia nini? Kuya. Kula. Nyamaza. Ni bile tu."

Nikatoka. Mama yako alidhani nimekwenda kunywa. Nilikwenda mpaka kwenye uzio wa mgodi wa Mutoshi, nikasimama pale nikihesabu kwa vidole. Kuja, kula, nyamaza. Ulikuwa na haki. Nilikuwa na maneno matatu kwa mwanangu, na yote matatu ni amri.

Jambo ninalotaka ulijue ni hili. Tangu siku ile, kila ulipokwenda kuhangaikia makaratasi yako mjini, mimi nilikaa na Numbi. Siku ya kwanza nilikaa kwenye ngazi, nikamwonyesha ndoo, nikainua mabega. Aliniangalia kama anayetazama mbuzi aliyeomba kiti. Nikaonyesha tena. Akafanya ishara ya ndoo. Nikaiga. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kidole gumba changu, kile kilichovunjika kazini, hakipindi vizuri, na nimeambiwa kwamba ninaongea kama mlevi. Lakini sasa nina maneno kama sitini. Ndoo, mvua, jirani, uongo, kesho, nywele, uchungu, treni. Nimejua kwamba jina lako ni vidole viwili shavuni. Serikali ilipotuambia tuache majina ya Kizungu, hilo lako halikuguswa. Na nimejua kwamba jina langu ni kukunja uso na kuvuta mstari katikati ya nyusi. Miaka yote mmeniita hivyo mezani, mbele yangu, mkitafuna! Nilinuna. Yeye akanionyesha: ndiyo, hivyo hivyo, hilo ndilo jina lako.

Daftari linasema ubongo wa mtu mzima hujifunza lugha kwa shida kuliko wa mtoto. Ni kweli, na mwalimu wako anaweza kuja kunitumia kama mfano. Samaki mkunje angali mbichi, mimi nimekauka. Lakini hukuandika kwamba hauwezi. Nimeutafuta mstari huo kurasa zote, haumo.

Sasa nakuambia la leo. Mlipoondoka tu kwenda Dilala, kabla jirani hajaja kusukwa, Numbi alinivuta mkono, akanikalisha mbele yake. Alikunja mkono wa gauni. Unalijua lile kovu lake kwenye mkono wa kushoto. Wewe unajua kwamba aliungua kwenye mbabula, jiko letu la makaa, akiwa na miaka mitatu, na hivyo ndivyo tulivyowaambia wote. Hujaambiwa lililobaki. Nilikuwa nimekaa karibu. Nilimwona anasogelea makaa, nikapiga kelele, "Numbi, acha!" Nikapiga tena. Akaendelea, akashika chuma. Nilimnyakua, na kabla sijamtia maji nilimchapa. Mara mbili, kwa mkono wangu wote, kwa sababu alikuwa hatii. Hakuelewa. Alikuwa anautazama mdomo wangu.

Leo aliweka kidole kwenye kovu. Akafanya jina langu. Akafanya ishara ya kuchapa, kisha akafungua viganja viwili: kwa nini?

Nilidhani amesahau. Mtoto wa miaka mitatu, nilijisemea miaka yote, hakumbuki. Anakumbuka, Ngoie. Alikaa na swali hilo miaka ishirini, na wewe mdomo wake ulikuwa karibu kila siku, na hakukupa ulibebe. Nilimuuliza, kwa maneno yangu ya kilevi: Ngoie anajua? Akatikisa kichwa. Akaonyesha kimo cha mtoto mdogo, akafanya jina lako, akafanya uchungu, akafanya hapana. Alikuwa anakulinda wewe. Nikaelewa kwamba yapo mambo ambayo binti hawezi kumuuliza baba yake kwa kupitia kwa mdogo wake, na kwamba wewe ukiwa hapa, kwa mapenzi yako yote, asingeniuliza mpaka nife.

Katika maneno sitini niliyo nayo hakuna la kuomba msamaha, hakuna aliyewahi kulihitaji kutoka kwangu. Nilishika masikio yangu. Nikafanya: mimi, jua, hapana. Mimi, jua, hapana. Nililia, nakuambia, nililia mchana mweupe mlango ukiwa wazi. Numbi alisubiri. Kisha akachukua mkono wangu, akaninyoosha kile kidole gumba, akanionyesha namna ya kusema "sikujua" vizuri. Akanifanya niirudie mara tatu mpaka nikaipata. Halafu jirani akaingia na kitana chake, naye akaenda kusuka.

Sijui kama amenisamehe. Hajaniambia, na bado sijui ishara yake. Nitaisubiri, na nitakuwa hapa itakapokuja.

Mwanangu, nitakutamani. Tayari nakutamani, na kiatu chako kiko bado chini ya meza. Nyumba hii itakuwa na kimya cha aina mpya, mama yako atapika chakula cha watu wanne kwa miezi, na mimi nitafungua mdomo kukuita kila nitakapokwama katikati ya neno. Ningekushika kama ningejipenda zaidi. Lakini usibaki kwa ajili ya Numbi. Yeye na mimi tuna mazungumzo tuliyoyachelewesha miaka ishirini, na yanahitaji nafasi uliyokuwa umekaa.

Kesho stesheni Numbi atakuwa na la kuniambia, nimemwona tangu asubuhi anavyonitazama. Usinitafsirie.

Baba yako